Maneno Niliyoyameza Mbele ya Daktari

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimetoka skuli mwaka mmoja nyuma, na tukikaa wawili tu, mimi na mama, ghorofani Mkunazini. Baba alikwishafariki. Mama alikuwa akishona kofia, na mchana kutwa sindano haikumtoka mkononi.

Alikuwa amekwishapita umri wa hedhi. Miaka sita hakuona kitu, na jambo hilo lilimfurahisha sana, kwa kuwa akifunga Ramadhani yote bila ya kukatiza. Basi Ramadhani moja, katikati ya miaka ya hamsini, iliyoangukia masika, niliingia jikoni mchana nikamkuta anakunywa maji.

"Mama, unaumwa?"

"Nimeingia siku zangu," alisema, akaifunika kata. "Leo ya saba."

Jirani wa chini, mwanamke wa rika lake, aliposikia alicheka. "Usichana umekurudia, bibi we. Posa zitaanza kuja." Mama hakucheka. Alikuwa akizihesabu siku, na kila asubuhi alifua vitambaa vyake mwenyewe, hataki nimsaidie.

Siku ya kumi na saba alivaa buibui, akaniambia nimfuate. Tulikwenda mtaa wa Malindi kwa mwalimu wake, bibi mtu mzima aliyekuwa akiwasomesha wanawake mambo ya dini ukumbini kwake. Tukaamkia, tukakaa mkekani, na mama akaeleza bila kuzunguka.

"Siku ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Leo ya kumi na saba."

"Zikishapita kumi na tano, hiyo si hedhi tena. Ni istihadha, damu ya maradhi. Koga, jisafishe, ujifunge vizuri, tia udhu kwa kila sala, usali. Na kufunga ufunge, ukiwa na nguvu." Akamshika mama goti. "Hapo nimekwambia namna ya kusali. Kupona sikujui. Nenda spitali, na usikawie."

Mama akaitikia, "Naam, mwalimu."

Jioni ile mjomba wangu alikuja kutoka kijijini Fumba kututazama. Alikuwa kaka yake mkubwa mama, na tangu baba afariki ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba yetu. Aliposikia habari ya spitali uso ulimbadilika.

"Daktari mwanamme akutazame wewe? Mtu mzima kama wewe? Mimi nitakuandikishia aya sahanini, nikuletee kombe lake unywe siku saba."

"Kombe lilete, kaka, nitalinywa," mama alimjibu, huku anamwekea uji. "Na spitali nitakwenda."

"Sikukupa ruhusa."

"Nimesikia. Kunywa uji, utapoa."

Asubuhi ya tatu tulikuwa spitali. Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, mwenye haraka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na mama alinitaka nimfasirie kwa Kiingereza cha skuli. Kwenye benchi mle ndani walikaa wanaume wawili wakisubiri dawa. Mama alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie natoka damu ukeni, siku ishirini sasa, na hedhi ilinikatika miaka sita iliyopita."

Nilifungua kinywa. Wale wanaume walikuwa wakinitazama. Nikamwambia daktari kwamba mama anaumwa na tumbo na hana nguvu.

Daktari alimfunua macho, akasema damu yake ni chache, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Tukarudi nyumbani.

Mama alivimeza vidonge vile na kombe la mjomba alilinywa, vyote pamoja. Sikukuu ikapita. Damu haikukatika. Akaanza kupumzika katikati ya ngazi, akijifanya anatazama nje dirishani. Mimi nilikuwa nikijua, na kila siku nilijiambia kesho nitamwambia.

Asubuhi moja aliweka chini kofia aliyokuwa akishona. "Siku ile ulimwambia nini daktari?"

Nililia kabla ya kumjibu. Nikamweleza yote, nikingojea anifukuze au anipige. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza.

"Uliona haya," alisema.

"Naam."

"Haya yako imeniweka mwezi mzima. Kesho tunarudi. Utasema kama nilivyosema, na ukinyamaza nitamwonyesha vitambaa mwenyewe."

Siku ile nzima alinifanyisha mazoezi. Yeye anashona, mimi nimesimama mbele yake nasema: mama yangu anatoka damu ukeni. "Sijasikia," alikuwa akisema. "Tena." Mwisho nililisema neno lile kama ninavyosema chumvi au mkate.

Kesho yake mama alibeba kikapu, na ndani yake mlikuwa na vitambaa vyake, havikufuliwa. Alipofika mlangoni kwa daktari alimwomba mkunga wa spitali, mwanamke wa hapa hapa mjini, aingie pamoja nasi, na wanaume watoke. Mkunga akawatoa. Nikasema. Kizazi sikujua kinaitwaje kwa Kiingereza, nikasema nyumba anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hamkusema mara ya kwanza?"

"Kosa langu," nilimjibu. Sentensi hiyo sikuhitaji kuifanyia mazoezi.

Mkunga ndiye aliyempima, daktari akafuata. Mlikuwa na uvimbe ndani ya kizazi, na kizazi ilibidi kitolewe. Mjomba aliitwa kutoka Fumba. Alikaa barazani kwa jirani muda mrefu, kisha akapanda juu akamwambia mama, "Nitakuwa mlangoni siku ya kupasuliwa." Akawa mlangoni kweli, na tasbihi yake, tangu asubuhi mpaka walipomtoa.

Mama alikaa spitali wiki tatu. Kidonda kilichelewa kufunga, na kwa miezi mingi hakuweza kubeba hata ndoo. Lakini damu ilikatika, na haikurudi tena.

Baada ya hapo wanawake walianza kuja kwetu. Mama hakuficha lililompata. Alilisema kwenye maulidi, kwenye harusi, popote walipokaa wanawake. Jirani yule wa chini alikuja wa kwanza, amejifunika uso, kumbe naye alikuwa na lake. Nilimpeleka mimi, nikamsemea. Lake lilikuwa dogo, akapona kwa dawa.

Mmoja, wa Fumba, tulimchelewea. Alikuwa binamu yake mama, alificha miaka miwili, na tuliposikia alikuwa hawezi kukaa. Akafa, na mama alikwenda kumwosha yeye mwenyewe. Baada ya maziko wanawake walipokuwa bado wamekaa uani, alisimama kati yao, mikono ingali na harufu ya karafuu maiti, akauliza, "Nani mwengine hapa anaumwa na hasemi?"

Mama alivuta mkeka, akakaa kungojea. Mjomba alipokuja kutuambia gari la mjini linaondoka, mama alimwambia liende. Tulikaa Fumba siku nne.