Ketty na Lori la Vitofali

Wanawake wa kanisa, mmenichosha. Kila Jumapili mnanishika mkono mlangoni: andika habari ya Ketty, wewe ndiye unayeijua. Kwani nyinyi mikono hamna? Mimi herufi nilizikuta ukubwani, kule ukimbizini Uganda, na mpaka leo zinanikimbia kama kuku wa jirani. Lakini nimesikia jinsi watu wanavyoisimulia sokoni, ati Ketty alimfukuza Jubek kwa ajili ya mchezo wa watoto. Uongo ukiachwa huota mizizi. Basi naandika mara moja tu, na asiniulize mtu tena.

Ketty mnamjua. Yule wa kibanda cha chai na maandazi mtaa wa Hai Cinema, hapa Juba, mrefu, mkavu, asiyechekacheka na wateja. Ndani ya kibanda ana kabati la kioo, na mgeni akilitazama anadhani mwenye chai anauza vitu vya kuchezea. Mna askari warefu kama kidole cha shahada, mna jipu, mna kifaru na mtutu wake, vyote vimejengwa kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto vinavyobanana kimoja juu ya kingine.

Kazi hiyo aliipatia Kampala. Wakati wa ukimbizi alikuwa akifagia madarasa ya shule ya watoto wa matajiri, na watoto wale walikuwa wakiacha vitofali vimetapakaa sakafuni kama mahindi. Ketty alivizoa kwa ufagio, na kabla ya kuvirudisha kwenye beseni alijenga kidogo. Leo ukuta, kesho gari. Alipoacha kazi, mwalimu mkuu alimpa gunia zima. Wenzake walirudi Juba na mabati na magodoro, yeye akashuka kwenye basi na gunia la vitofali. Walimcheka mpaka wakachoka.

Ndugu yake Robert Lagu hakucheka. Robert alikuwa askari, akamwambia, "Dada, nitengeneze mimi." Ketty akamtengeneza, rangi ya kucha ya kijani imechanganywa na unga wa mkaa, kofia imelala upande kama alivyopenda kuilaza. Robert akaifunga kwenye begi lake, na kambi nzima ikataka. Baadaye vita viliporudi, waliokuja kibandani hawakuwa tena askari, walikuwa mama zao na wake zao.

Ketty ana njia yake. Picha haitaki. Kwenye picha, anasema, kila mtu amesimama kama nguzo ya umeme. Anakukalisha, anakupa chai, anakuuliza: kofia aliivaaje? Mkono upi aliutanguliza? Akichoka alisimamaje? Unarudi baada ya wiki mbili, unafunuliwa kitambaa, na wewe mwenyewe unasema, "Eeh, ni huyu." Bunduki anaitengeneza kando. Anaifunga kwenye karatasi na kukuwekea kiganjani. Kumpa mwanao au kutompa, shauri lako. Wengi hutoka hapo wakaenda kuitupa chooni.

Robert ndiye aliyemshinda kumjenga tena. Miaka minane iliyopita Robert alianguka barabara ya Nimule, mbele ya Nesitu, na mwili wake haukuonekana. Katika ukoo wao, mtu ambaye mwili wake haukuonekana huletwa udongo wa pale alipoanguka, ukazikwa kama yeye. Udongo wa Robert aliuleta rafiki yake, Jubek. Aliubeba ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa mikono miwili, huku machozi yanamtiririka. Wakauzika uani kwao, mtaa wa Munuki, wakasimika msalaba. Mama yao, Mama Florence, kila asubuhi alimwagia maji pale kabla ya kunywa yake.

Tangu siku hiyo Jubek alikuwa mtoto wa nyumba. Bati likivuja, aitwe Jubek. Mgonjwa akibebwa, Jubek yuko mbele. Krismasi ikifika, kipande cha nyama kilichokuwa cha Robert kiliwekwa kwenye sahani ya Jubek, na Mama Florence alisimama hapo mpaka kimekwisha.

Na habari yenyewe Jubek alikuwa ameisimulia mpaka watoto wa uani wameikariri. Walikuwa wakilinda lori la kukodi la Uganda. Nesitu wakasimama wakanywa chai. Wakaondoka, Robert na wenzake juu ya magunia, Jubek kwenye kibanda cha mbele pamoja na dereva. Risasi zikaanza. Robert akaanguka. "Nikamwona kwenye kioo cha pembeni," Jubek alikuwa akisema, "upande wangu, wa kulia. Ameketi kwenye nyasi, kofia hana, ameinua mkono hivi. Nikamlilia dereva, simama! Simama! Yule Mganda akakanyaga mafuta."

Dereva aliitwa Lubega. Ketty alilimeza jina hilo kama mwiba wa samaki. Dereva yeyote wa malori ya Uganda akiingia kibandani kwake alipewa chai ya chini ya birika, iliyopoa. Akilalamika, Ketty alisema, "Huko mbele kuna vibanda vingine."

Mwaka huu macho ya Mama Florence yakaanza kufifia. Akamwita Ketty.

"Watoto wa watu unawatengeneza. Wangu lini?"

"Mama, nimejaribu. Haji."

"Basi mlazimishe. Nataka nimshike Pasaka hii, ningali namwona."

Ketty akaona Robert peke yake hatakuja, na kama atakuja, atakuja pamoja na siku ile yote. Akaanza kujenga lori, barabara, nyasi, na Robert ameketi, mkono juu. Jubek alikuja kibandani kila alasiri kumsaidia. Alikuwa na kumbukumbu kali. "Mbao za nyuma zilikuwa za bluu, dada. Taa moja ilikuwa imepasuka." Ketty aliweka kila kitu kama alivyoambiwa. Vioo vya pembeni alivikata kutoka kioo cha poda kilichovunjika, vidogo kama ukucha wa mtoto.

Lori likiwa karibu kumalizika, akaja Kisakye, Mganda anayeuza vitu vya watoto vya mitumba, ambaye, tangu gunia lile liishe, ndiye anayemletea Ketty vitofali. Akatua mfuko, akatazama, akacheka.

"Mama, hii lori ni ya nani?"

"Ya kwenu. Ya Uganda."

"Ya kwetu wapi, nyabo! Usukani umeuweka kushoto kama gari la jeshi la hapa. Lori ya Uganda usukani iko kulia. Huyu dereva wako amekaa kwa abiria, ataendesha na nini, na magoti?"

Ketty naye akacheka, jambo ambalo si la kila siku. Kweli, magari yote ya kijeshi aliyowahi kujenga aliyatia usukani kushoto, mkono wake ulikuwa umezoea. Akaung'oa usukani, akauhamishia kulia. Akamtoa dereva, akamweka kulia. Akamtoa Jubek wa vitofali, akamweka kushoto. Kisha akainama, akafumba jicho moja na kuliweka lingine nyuma ya kichwa cha Jubek, apate kuona kama vioo vimekaa sawa. Ndivyo anavyopima kazi yake, kwa jicho la yule aliyemo ndani.

Kwenye kioo cha kushoto aliona lami na birika la chai. Akakigeuza kidogo. Lami. Akakigeuza tena. Birika. Robert alikuwa kwenye nyasi za kulia, karibu kabisa na tairi, na kutoka kiti kile hakuonekana hata kidole.

Akahamisha jicho. Akaliweka nyuma ya kichwa cha dereva. Ndani ya kioo cha kulia Robert alikuwepo mzima, ameketi, kofia hana, ameinua mkono.

"Nini, mama?" Kisakye akauliza.

"Hakuna. Funga mfuko wako."

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Ketty alipanda bodaboda mpaka Nesitu, akaanza kuuliza kwenye maegesho ya malori. Hakuuliza sana. Lubega alikuwa palepale, anaziba matairi, mzee mwembamba mwenye ovaroli lililotoboka magotini.

"Wewe ndiye Lubega?"

"Ni mimi, nyabo. Tairi?"

"Mimi ni dada yake Robert Lagu."

Akaweka chini chuma alichoshika. "Miaka minane nakungoja. Nilidhani utakuja na panga."

"Panga liko nyumbani. Sema kwanza."

"Siku ile mimi sikuvuka hapa. Malaria ilinikamata, mimi iko natapika pale kwa mama wa chai, hata kusimama siwezi. Yule rafiki ya ndugu yako akasema, leta funguo, mimi najua kuendesha. Nikampa. Lori ilirudi na matundu. Akaja kuniambia: wewe ni mgeni hapa, ukifungua mdomo nani atakuamini?"

"Ukaufunga."

"Niliufunga. Nina watoto, nyabo. Lakini lori niliacha, na Nesitu sikutoka. Nilijua iko siku mwenye mtu wake atakuja kuuliza."

Ketty aliinama, akaokota kile chuma, akamrudishia. Kuomba radhi si kazi anayoijua. Alimwambia tu, "Ukifika Juba, pita Hai Cinema. Chai yangu ni moto." Akapanda bodaboda yake.

Jubek alikuja Munuki alasiri ileile, amebeba samaki wa Mama Florence. Alikuta lori limewekwa juu ya meza uani, na Mama ameketi kando, vidole vyake vinapapasa mbao za bluu.

"Kaa, Jubek," Ketty akasema. "Kazi imekwisha. Imebaki huyu dereva, hana uso. Nimpake uso wa nani?"

Jubek akacheka. "Uso wa Mganda. Mpake wowote, wote sawa."

"Mganda anakusalimu. Amesema malaria yake imepona."

Samaki alikuwa bado mkononi mwake. Hakumweka chini. Alitazama lori, akauona usukani ulipo, akakitazama kioo, na Ketty aliyaona macho yake yakipita njia ileile aliyopita yeye jana.

"Dada," akasema, "walikuwa wanatupiga pande zote. Nyuma kulikuwa na watu wanane. Ningesimama tungekufa sote."

"Hilo ningelielewa. Wallahi ningelielewa. Ungekuja siku ya kwanza ukasema, mimi ndiye niliyekuwa naendesha, nikaogopa, ningelia pamoja nawe hapahapa. Lakini wewe umekula nyama ya Robert miaka minane, na mdomo huohuo ukimtukana mtu aliyekuwa amelala anatapika."

"Niliona aibu."

"Aibu gani inayoshiba Krismasi?"

Mama Florence aliinua mkono. Aligeuza uso wake mahali sauti ya Jubek ilipotoka.

"Mwanangu," akasema, maana bado alimwita hivyo, "na ule udongo?"

Jubek alimhamishia samaki mkono wa pili.

"Nakuuliza. Ule udongo wa kwenye kopo. Uliuchukua wapi?"

"Nesitu, Mama. Nyuma ya vibanda vya chai. Sikuweza kupita mbele. Miguu ilikataa."

Huyo mama hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayejisomea, "Nyuma ya vibanda. Mahali watu wanakojoa. Nimepanywesha maji miaka minane."

"Malesh, Mama. Nisamehe."

"Basi sasa tupeleke penyewe. Kesho asubuhi. Ketty atashika koleo."

Hapo ndipo Jubek alipolia kilio cha kweli, si kile cha kopo. "Sipajui. Nilimwona kwenye kioo, nikakanyaga mafuta, nikatazama mbele. Ni nyasi tu. Nyasi pande zote. Sikutazama mlima, sikutazama mti. Ningekuwa najua ningewaambia, naapa."

Ketty alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote, kwamba neno la kweli la kwanza kutoka kwa Jubek lilikuwa ni kutojua. Alichukua samaki mkononi mwake, akamfungulia mlango wa uani.

"Nirudi lini, dada?"

"Ukipajua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wala si mchezo wa watoto. Ule msalaba wa uani waliung'oa wao wenyewe, mama na binti, na sasa pale pamebaki shimo ambalo hawataki kulifukia. Lori liko kabatini Hai Cinema. Dereva amepewa uso, na kovu juu ya nyusi, kila anayemjua Jubek anamtambua. Bunduki ya Robert bado imefungwa kwenye karatasi, Mama Florence hajaamua.

Nyinyi mnaosema Ketty ana roho ngumu, kwamba angesamehe, Pasaka ilikuwa imefika, nawajibu: mtu husamehe akiwa na kaburi la kusimama juu yake. Mpeni kaburi kwanza.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, usidhani nimekuandikia upate cha kupigia soga. Juu ya magunia ya lori lile walikuwepo watu wanane, na hao hawakuwa wakitazama kioo, walikuwa wakitazama nyuma. Wapo waliopona. Kama wewe ni mmoja wao, simama useme. Kama unaishi vijiji vya barabara ile, na baba yako au shangazi yako alimfukia askari asiyemjua, muulize leo ni wapi. Njoo Munuki, uliza nyumba ya Mama Florence, utaonyeshwa. Pole usilete, pole zimejaa nyumba ile mpaka darini. Leta mahali. Na kama hujui lolote, basi isome karatasi hii kwa sauti pale stejini kwa bodaboda, kisha mpe dereva wa kwanza anayeelekea Nimule. Usiikunje uiweke mfukoni. Macho ya Mama Florence hayakungoji wewe.