Kabla Haujaangushwa

Kasoki, katibu wake, humtambua mbunge kwa harufu ya zizi kabla hajamwona, maana mzee yule hukamua ng'ombe wake kwanza ndipo avae suti. Mikono bado ni ileile mipana iliyokata miti huko Auderghem, ughaibuni, alipofika kutoka Kivu. Hakuwasha msumeno kamwe kabla ya kuuzunguka mti, akiita kama kuna mtu.

Asubuhi ya kura ya bunge ya kubomoa jengo moja la makazi katika mtaa wa Schaerbeek, alilizunguka polepole, kisha akapanda kugonga milango. Bibi kizee mmoja akachungulia, akamtambua mbunge, akauliza kwa Kiswahili cha Kivu:

"Papa député, unakuya kutufukuza?"

"Apana, maman." Akavua kofia. "Nakuya kuona nani iko hapa, fasi nyumba itaangukia."

Nyuma yake, Kasoki akaichana taratibu hotuba ya kuunga mkono ubomoaji aliyomwandikia.