Mnunuzi wa Nyumba ya Nyakoe

Kakangu alitufukuza katika nyumba ya wazazi wetu, huko Nyakoe, punde tu tulipomaliza kumzika mama. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na watoto wawili. Baba alikuwa amemwandikia yeye kila kitu angali hai, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki. Magodoro yetu aliyatupa nje, mvua ikinyesha.

Nikapata kazi ya ukarani Nyamira. Kinyongo nilikilea kama mtoto wa tatu.

Yeye akahamia Kisii mjini, akaiacha nyumba ioze. Mchwa wakala dari, paa likavuja, ukuta wa jikoni ukapasuka. Nikasikia anaiuza kwa bei ya kutupa. Benki ilikataa kunikopesha. Afisa wao alitazama picha akasema hiyo si dhamana, ni kifusi. Nikakimbilia sako ya kazini, chama chetu cha akiba na mikopo, na wenzangu wanne wakanidhamini kwa akiba zao. Dalali nilimwonya asinitaje. Kakangu alipopokea malipo ya kwanza alitia sahihi karatasi zote bila kusoma, kwa uroho wa pesa.

Ikabaki bodi ya ardhi, ambako muuzaji na mnunuzi husimama mbele ya wazee. Angekataa pale, nyumba ingenipotea. Aliponiona nasimama, alimgusa mkewe aliyekuja naye.

"Huyu mama mwenye ananunua, unamjua?" mwenyekiti akamuuliza.

"Ni dada yangu."

"Na umekubali kumuuzia?"

Alimtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Malipo ya kwanza walikuwa wameshayala.

"Nimekubali."

Nilitamani aambiwe arudie kwa sauti, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaita wengine. Nje alinifuata akilalamika kwamba ningemwambia mapema angenipunguzia bei. Nilifurahi, siwezi kudanganya, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Sasa mshahara wangu unakatwa kila mwezi, nasi tunakula sukuma wiki bila kunung'unika. Mkopo mwingine niliochukua wa ukarabati ulitosha paa na choo cha ndani tu. Fundi alinishauri choo kikae nyuma ya jikoni, karibu na bomba, gharama iwe ndogo. Nikamwambia avute mabomba mpaka chumba cha mbele, alikokuwa akilala kakangu. Akasema hiyo ni hasara. Nikamwambia hasara ni yangu, achimbe.