Buti Niliyoitoa Chuma

Hasira yangu kwa yule nyapara haijaisha, na sitaki iishe. Tulikuwa tunajenga ghorofa karibu na Rangwe, mimi nikichomelea vyuma, mwenzangu mmoja, mtu wa Kosele, akipanga mawe. Nyapara akatangaza: bila buti yenye chuma mbele, hakuna kupita getini. Sawa, vidole ni vyetu. Lakini bwana huyo akaenda Isebania akarudi na magunia mawili ya buti, zote namba nane. Zote! Ungedhani tumezaliwa na mama mmoja, siku moja.

Mwenzangu anavaa namba kumi na moja. Ni mtu mrefu, miguu mipana ya mtu aliyelima pekupeku tangu utotoni, na kazini alizoea akala za tairi. Alimwendea nyapara kwa adabu, kofia mkononi.

"Jaduong', mzee wangu, hii inanibana sana."

Nyapara hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Vaa tu, itafunguka. Hapa si dukani."

Itafunguka wapi! Wiki nzima nilimwona akipanda jukwaa la mbao kwa visigino. Jioni akizivua, kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi tititi. Kuacha kazi hakuweza. Alikuwa na watoto watatu shuleni. Jumamosi asubuhi akanijia na buti mkononi.

"Omera, ndugu yangu, nitolee hii chuma. Wewe una vifaa."

Mjengoni hilo si jambo geni. Unafungua soli kwa mbele, unavuta kile kibakuli cha chuma kinachofunika vidole, unarudisha soli kwa gundi, na kwa nje buti ni ile ile. Mlinzi wa getini atajuaje? Nikachukua patasi na koleo, na kusema ukweli, niliifanya kazi safi. Mwenzangu akavaa, akaruka mara mbili, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa hiki ni kiatu!"

Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikajiona fundi kwelikweli. Kufikia saa sita nilikuwa nimezifungua jozi nne zaidi za watu wengine.

Jumatano, mwenzangu akiwa chini anachota udongo wa kujengea, jiwe la inchi tisa likateleza kutoka jukwaani likamwangukia mguu wa kushoto. Sitaki kusimulia alivyolia. Tulimkimbiza hospitali Homa Bay, na huko wakamkata vidole viwili.

Kesho yake nilikuwa kando ya kitanda chake nyapara alipoingia. Unadhani alikuja kutoa pole? Thubutu! Alikuja na ile buti iliyopasuka, akaiinua mbele ya wagonjwa wote.

"Umeharibu kifaa cha kazi, kwa hivyo sisi hatuhusiki na matibabu yako. Nani alikutolea chuma?"

Mwenzangu alinitazama kidogo, kisha akageukia ukuta. "Nilitoa mwenyewe."

Na mimi nikanyamaza. Mimi ambaye njia nzima nilikuwa nikimtukana nyapara peke yangu, nilisimama pale na ndizi nilizomletea mgonjwa. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye, na si kidogo nilivyomchukia.

Nyapara alipokuwa anatoka akamwambia muuguzi, huku anacheka, "Si sasa namba nane itamtosha?"

Hapo ndipo damu iliponipanda. Nikamfuata hadi kwenye korido nikamshika ukosi. "Ni mimi niliyetoa hiyo chuma! Mimi! Na niliitoa kwa sababu wewe ulinunua viatu bila kuuliza hata mtu mmoja anavaa namba gani! Andika hivyo kwenye ripoti yako!"

Akajinasua, akanyoosha shati lake. "Nitaandika. Na wewe usirudi kazini."

Akaenda zake. Nilipogeuka nilimkuta mke wa mwenzangu amesimama nyuma yangu na chupa ya uji. Alikuwa amesikia kila kitu. Nikangoja anitukane, na ningefurahi angenitukana. Hakunitukana. Aliinamisha macho akaangalia buti za kazi miguuni mwangu.

"Shemeji," akaniuliza polepole, "na hizi zako, ulizitoa chuma?"

"Hapana," nikamwambia. "Zangu zilinitosha."