Taa Zima

Siku ile chumbani tulikuwa wanne: bwana mtafiti, Mzungu aliyekuja mgodini kuchunguza cheche za umeme; karani wake; fundi umeme, Mfipa aliyekuwa mtani wangu; na mimi, Mkonongo niliyeacha shule baada ya kuzika wazazi ili wadogo zangu wasiache ya kwao. Nyumba yetu kambini ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, na nyumba imeenda, na watoto wangerudi Mwese kugawanywa kwa ndugu kama vyungu vya marehemu.

Tulijaza gesi kwenye mtungi mnene wa chuma, tukaikandamiza mpaka mshale wa kipimo ukaribie alama nyekundu. Kisha fundi aliachia umeme uruke kati ya sindano mbili ndani yake. Cheche ilizaliwa na kufa kabla hujapepesa jicho. Mwanga wake ulitokea kidirishani, ukapita kwenye kioo cha pembe tatu, ukachanika kuwa mistari, na mistari ikanaswa kwenye kioo cha picha. Humo bwana alisoma gesi ilipata joto kiasi gani. Niliipenda kazi ile.

Picha ilitaka giza tupu, na taa niliishika mimi. Wiki ile ilikuwa imepasuka tukaweka nyingine, kwa hiyo bwana aliulizia hali yake kila asubuhi. Siku ile, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, akauliza, "Taa zima?"

"Nzima, bwana," nikajibu, nikingoja aniamuru niizime.

Akafunua kioo cha picha, taa inawaka. Kikaharibika, nacho kilikuwa cha mwisho kwenye boksi.

"Nimeuliza taa zima, wewe umekubali! Mjinga! Kesho usije."

Karani alijua kilichotokea. Akatazama viatu vyake.

Mtani wangu akacheka. "Bwana, msamehe Mkonongo huyu, kichwa chake kimejaa asali. Lakini hakudanganya. Taa nzima kabisa, haina hata ufa. Ungesema 'zima taa', saa hizi tungekuwa tunapapasana gizani."

Ndipo karani akamfafanulia bwana kwa Kiingereza kwamba 'taa zima' si 'taa imezimwa'. Bwana alielewa, nilimwona akielewa. Akaninyooshea kidole: "Huyu abaki." Kisha akamgeukia fundi: "Wewe unayecheka, toka."

Asingeelewa, ningemsamehe. Alikosea lugha ya watu, akaonyeshwa kosa, akamfukuza aliyemwonyesha! Na jioni karani akaniambia, "Shukuru Mungu, kazi unayo." Nishukuru nini?

Nilimsindikiza mtani wangu mpaka kwenye lori la Sumbawanga. Nikajifuta macho.

"Nyie Wakonongo mnapenda kulia," akasema. "Siku nikifa, njoo uchekeshe watu msibani kwangu kama mtani. Basi."

Wadogo zangu walisoma, wakamaliza. Yeye, kila ninayemuuliza kutoka Ufipa hamjui, wala hajui kama yu hai au alishazikwa. Kazi ya mtani bado iko shingoni mwangu.