Kuku wa Mtendaji

Juzi, katika safari zangu za uandishi huko Kinjumbi, nilimkuta mtendaji wa kijiji, mwanamama, akiamua mpaka wa mikorosho uliowagombanisha wazee wawili. Wakaridhika, wakaenda zao. Kisha akaniita uani, kuku mkono huu, kisu mkono ule.

“Kaka, nichinjie. Hapa kwetu mwanamke hachinji.”

“Dini inakataza?”

“Haikatazi. Ni mazoea tu.”

Nami sijawahi kuchinja hata njiwa. Akaniona nimeduwaa.

“Kanyaga mabawa. Mwelekeze kibla. Sema Bismillahi. Na usifumbe macho!”

Nikatii yote, nikiwaza: wazee wanamwachia awagawie mashamba, ila kuku hapana?

Wakati wa kula, mumewe akanisifu. “Mwandishi, kumbe kuchinja unajua!”

“Asante, shemeji,” nikaitikia.

Mtendaji, mwalimu wangu, akanipakulia shingo.