Mama wa Vitambaa na Redio Yake

Jirani yangu wa Lanet ana duka la vitambaa mjini, na akianza kubishana na mteja kuhusu bei, sauti yake hufika hadi ng'ambo ya barabara. Jumapili huvaa kofia ya baiskeli juu ya mtandio, hufunga redio yake ndogo ya mawasiliano nyuma ya kiti, kisha tunaendesha polepole hadi malisho ya juu kule Njoro. Huko hutia jiwe ndani ya soksi, huifunga kwenye waya wa antena na kuirusha juu ya mti. Hukosa. Hulaumu upepo, hata siku ambayo hakuna upepo. Redio yenyewe ina nguvu kama balbu ya choo, na tangu mvua ziishe alikuwa anaita tu bila mtu kumjibu.

"Mama, kwani hauna WhatsApp?" nilimuuliza.

Jumapili iliyopita mzee mmoja wa Finland akajibu, kwa sauti nyembamba sana. Jirani yangu akaishika maikrofoni kwa mikono miwili na kusema kwa upole nisioujua, "Nakuru, Kenya." Mzee akasema kwao kuna theluji, kisha sauti yake ikazama kwenye mngurumo. Jirani yangu akaendelea kumshukuru, akamtakia afya njema, akawasalimia na wajukuu wake.

"Mama, huyo si ameshapotea?"

"Mimi ndiye nisiyemsikia," akanijibu, kidole bado kikibonyeza kitufe cha kuongelea. "Yeye pengine bado ananisikia."